Nageti za kuku za nyumbani: chenga za mkate, unga wa muhogo au korosho?

Mtu anayetaka kukaanga nageti za kuku nyumbani kwake, awe Mikindani, Masasi au Lindi mjini, ana mambo matatu ya kuamua kabla hajawasha jiko: nyama iandaliwe vipi, ganda la nje litokane na nini, na moto uwe wa aina gani. Mapishi mengi yanayosambaa mtandaoni huandikwa kana kwamba mambo hayo yamekwisha kuamuliwa, na mengi humwelekeza msomaji kwenye chenga za mkate na oveni. Uamuzi huo unamfaa anayeishi penye hewa kavu na mwenye oveni anayoielewa. Huku pwani ya kusini hewa hubeba unyevu wa bahari sehemu kubwa ya mwaka, wengi wetu tunapikia jiko la mkaa au la gesi, na sokoni kuna vitu ambavyo waandishi wa mapishi hayo hawavifikirii. Kwa hiyo inafaa ulinganisho uanze upya, kwa kuangalia kile kinachopatikana hapa.

Nitasema mapema ninakoegemea, ili msomaji azipime hoja zangu akijua zinakoelekea. Kwa mlo wa kawaida wa nyumbani Mtwara na Lindi, mpako wa unga wa muhogo uliokaangwa mara mbili kwenye karai unazizidi njia nyingine kwa jambo linalowasumbua wapishi wengi wa pwani, nalo ni ganda kubaki kavu hata baada ya chakula kutoka jikoni. Chenga za mkate zinamfaa zaidi mwenye oveni. Korosho ni za meza ya wageni, na zina masharti yake.

Vipande vya minofu au nyama ya kusaga

Nageti ilianza kama nyama ya kusaga. Aliyeitengeneza ni Robert C. Baker, mtaalamu wa chakula katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na alikuwa na matatizo mawili ya kutatua: nyama iliyosagwa ishikamane bila ngozi ya kuifunga, na mpako usibanduke wakati wa kugandishwa na kukaangwa. Tatizo la kwanza alilitatua kwa kuisaga nyama mbichi pamoja na chumvi na siki, ambavyo huitoa protini yenye kunata iliyomo ndani ya nyama. Mpishi wa nyumbani anaweza kuifuata kanuni hiyo hiyo. Nusu kilo ya nyama ya kusaga ikitiwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kukandwa kwa mkono dakika tatu au nne, hubadilika waziwazi kutoka punje zinazotawanyika hadi donge linalong'ang'ania vidole, na ikifika hapo haihitaji unga mwingi wa kuishikisha. Sharti ni nyama iwe ya baridi, iliyotoka kwenye friji muda huo huo, kwa sababu ikishapata joto la jikoni mafuta yake hulainika na donge huwa la ute usioshika umbo.

Faida za nyama ya kusaga ni dhahiri. Inaruhusu kutumia mapaja na mabaki ya minofu yanayobaki kwenye mifupa, inakubali kuongezwa kitunguu, kitunguu saumu na kipande cha mkate uliolowekwa, na hutoa nageti laini zinazolingana ukubwa, ambazo mtoto mdogo au mzee asiye na meno imara hutafuna bila taabu. Hasara yake ni kazi zaidi, na uangalifu zaidi pia, kwani vijidudu vilivyokuwa juu ya nyama husambazwa na mashine hadi katikati ya kila donge. Asiyekuwa na mashine ya kusagia anaweza kuikatakata nyama kwa kisu kizito juu ya ubao. Matokeo huwa na chembe kubwa kidogo, nami naona huo ni ubora zaidi kuliko kasoro.

Vipande vya minofu, kwa upande wake, ni kidari kilichokatwa mapande ya kama sentimita tatu, na hiyo ndiyo njia ya haraka zaidi. Kidari cha kuku wa kisasa kinafaa kuliko chochote kwa sababu ndege huyo huchinjwa akiwa na wiki tano au sita tu, nyama yake haijawa na nyuzi ngumu, na huiva kwa dakika chache, yaani ndani ya muda ule ule ambao ganda linahitaji kukauka. Huko ndiko kuku wa kienyeji anakoshindwa, pamoja na utamu wake wote tunaoujua katika mchuzi. Nyuzi zake zinataka moto wa polepole kwa muda mrefu, na ukimkaanga hadi alainike ganda litakuwa limekwisha kuungua. Mwenye kuku wa kienyeji peke yake na amsage. Njia nyingine ni kumpaka utomvu wa papai bichi kwa dakika ishirini au thelathini, lakini asizidishe, kwani papai halijui pa kuishia na hugeuza uso wa nyama kuwa uji. Kuku chotara wako katikati: kidari chao hukaangika, mapaja yao ni heri yasagwe.

Kwa hiyo uchaguzi hapa ufuate walaji. Wanaokula wakiwa watu wazima na vijana, minofu ya vipande inatosha na inaokoa muda. Wakiwemo watoto wadogo sana, nyama ya kusaga inafaa zaidi.

Njia yoyote itakayochaguliwa, chumvi iwahi. Kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo, kikisuguliwa kwenye vipande angalau nusu saa kabla ya kukaanga, huisaidia nyama kushika maji yake isinyauke motoni. Mtindi ni mzuri kwa kulowekea usiku kucha ndani ya friji, maana uchachu wake ni wa taratibu. Ndimu ni kali zaidi. Robo saa inatosha, na ikiachwa saa nyingi uso wa nyama huwa mweupe na mkavu kama uliopikwa nusu. Tui la nazi hutoa ladha nzuri sana na ni jambo la kawaida kwetu kumtia kuku tui, ila lina mafuta, na mafuta yakibaki juu ya nyama mpako huteleza. Atakayetumia tui na avikamue vipande vizuri, kisha avipanguse kwa kitambaa safi au karatasi hadi viwe vikavu mkononi, kabla ya unga kukaribia nyama. Upangusaji huu unahusu njia zote, na wengi huuruka.

Ganda litokane na nini

Ganda hukauka kwa sababu maji yaliyomo kwenye mpako huchemka na kutoka kwa njia ya mapovu, yakiacha nyuma vitundu vidogo na wanga uliokakamaa. Likishatoka kwenye mafuta, maji hutaka kurudi, na yana njia mbili: kutoka ndani, kwenye nyama ambayo bado inatoa mvuke, na kutoka nje, kwenye hewa. Kwa mji wa bara wenye ukavu, adui ni mmoja. Kwetu ni wawili, hasa katika miezi ya mvua kuanzia Desemba hadi Aprili, na ndiyo maana ubora wa mpako huku lazima upimwe kwa namna unavyostahimili nusu saa mezani, si kwa namna unavyoonekana unapoepuliwa.

Chenga za mkate hutengenezwa kwa mkate wa jana au juzi uliokaushwa juani au kwenye moto mdogo, kisha ukatwangwa au kufikichwa. Utaratibu wake ni wa hatua tatu, yaani unga wa ngano mkavu, yai lililopigwa, halafu chenga, na kila hatua ina kazi yake: unga hukausha uso wa nyama, yai hugundisha, chenga hutoa ganda. Chenga kubwa kiasi cha punje za mchele ni bora kuliko zilizosagwa zikawa vumbi, kwa kuwa huacha nafasi ya mvuke kupita. Ganda lake ni nene, rangi yake hupendeza upesi, na kwa kuwa mkate umekwisha kupikwa, hauhitaji mafuta mengi ili uive. Hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Udhaifu wake ni mitatu. Kwanza, chenga hunywa mafuta, na mlaji huyahisi mdomoni kipande cha tatu kinapoliwa. Pili, mikate mingi ya madukani ina sukari, nayo sukari hubadilika rangi mapema, kiasi kwamba ganda huwa la kahawia iliyokolea wakati nyama ya katikati bado ni mbichi. Anayetaka chenga na atafute mkate usio na utamu, au boflo, na apunguze moto. Tatu, na hili ndilo zito kwetu, mkate ni mwepesi wa kuvuta unyevu. Chenga zilizohifadhiwa kwenye kopo lisilofungwa vizuri hulegea hata kabla ya kutumika, na nageti za chenga zikikaa kwenye sahani iliyofunikwa huwa laini kabla wageni hawajanawa mikono.

Unga wa muhogo hauhitaji kutambulishwa kwa mtu wa Newala, Tandahimba au Mtama, lakini wengi wanaujua kwa ugali na uji tu. Kituo cha utafiti cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kimeshughulika na muhogo sambamba na korosho na ufuta kwa miaka mingi, na zao hili limeenea mashambani kote hapa. Sababu ya kufaa kwake katika nageti ni kwamba hauna gluteni, ile protini ya ngano inayovutika na kushika maji. Mpako wa ngano tupu hukauka ukiwa moto, kisha huwa na ukinzani wa ngozi unapopoa. Muhogo karibu wote ni wanga, na wanga huo ukikaangwa hutoa ganda jembamba linalovunjika kwa mlio, linyonyalo mafuta kidogo kuliko mkate na lisilolegea upesi.

Kuna mambo manne ambayo anayeanza kuutumia anapaswa kuyajua, na nayaeleza kwa urefu kwa sababu mapishi ya kawaida hayayataji.

La kwanza ni aina ya unga. Uliotokana na makopa meupe, yaani vipande vya muhogo vilivyomenywa na kukauka vizuri, hauna harufu. Unga wa muhogo uliovundikwa una harufu ya uchachu ambayo watu huipenda kwenye ugali lakini ikakaa vibaya kwenye kuku. Nusa kabla ya kununua, na mwambie muuzaji wazi: "Mama, nataka wa makopa usiochacha, ni wa kukaangia." Tena, muhogo mchungu una sumu ya asili ambayo huondolewa kwa kumenya, kuloweka na kukausha kwa utaratibu uliozoeleka, na dakika chache za kwenye mafuta hazichukui nafasi ya kazi hiyo. Nunua kwa mtu unayeamini utengenezaji wake.

La pili ni kuchekecha. Unga wa kinu au wa mashine ya mtaani huwa na nyuzi na punje kubwa ambazo hukauka zikawa kama mchanga chini ya meno. Chekecheo la kawaida la unga wa chapati linatosha.

La tatu ni rangi. Muhogo una protini kidogo mno, na protini ni mojawapo ya vitu vinavyofanya chakula kiwe kahawia motoni, kwa hiyo ganda la muhogo mtupu hubaki jeupe au la manjano hafifu hata likiwa limekauka kabisa. Anayengoja rangi ya mkate ataikausha nyama. Mimi huona mchanganyiko wa vikombe viwili vya muhogo kwa kimoja cha ngano ni mzuri, kwani ngano huleta rangi na kushika vizuri zaidi bila kuharibu ukavu; kijiko kidogo cha manjano au cha pilipili nyekundu isiyo kali huongeza rangi pia. Hata hivyo sikio ni mwamuzi bora kuliko jicho. Kipande kinapoingia kwenye mafuta, mapovu huwa makubwa na sauti ni nzito. Maji yanapokaribia kwisha mapovu huwa madogo na machache, na sauti hupanda ikawa nyembamba. Wakati wa kuepua ni huo.

La nne ni namna ya kupaka. Chovya kipande kwenye yai lililopigwa na kijiko cha maji, kigaragaze kwenye unga, ukibonyeze kwa kiganja, kisha ukiweke kwenye sinia na ukiache kwa dakika kumi. Ukikiangalia mwanzoni utaona mabaka meupe ya unga mkavu; baada ya muda huo mabaka hufifia na uso wote huwa wa unyevunyevu, dalili ya kwamba unga umekunywa yai na kushikamana na nyama. Kisha kigaragaze tena mara moja kwenye unga, ukikung'ute, na ukikaange. Anayetaka ganda lenye vinundu na adondoshee unga wenyewe vijiko viwili vya yai na kuufikicha kwa vidole hadi uwe na vidonge vidogo. Vidonge hivyo vikishika kwenye nyama ndivyo vitakavyovunjika kwa mlio mkubwa zaidi. Kuvipitisha vipande moja kwa moja kutoka kwenye yai hadi kwenye mafuta, bila kusubiri, ndiko kunakosababisha ganda kubanduka na kuelea peke yake karaini.

Korosho ni habari nyingine. Mtu wa Mtwara anayewakaribisha wageni kutoka mbali ana haki ya kuwapa kitu ambacho kwao ni cha ghali, na vipande vya korosho, ambavyo huuzwa kwa bei ya chini kuliko korosho nzima, vinafaa kabisa kwa kazi hii kwa kuwa vitapondwa hata hivyo. Zichukuliwe zile zilizobanguliwa ambazo hazijakaangwa wala kutiwa chumvi, zitwangwe polepole hadi zilingane na punje za mchele, na mchi usimamishwe kabla mafuta yake hayajaanza kutoka, la sivyo utapata uji mzito. Karibu nusu ya uzito wa korosho ni mafuta, na utamu wake wa asili huharakisha kuungua, kwa hiyo kwenye karai lenye moto mkali huwa nyeusi kabla ya kuku kuiva. Zinafaa kwenye oveni ya nyuzi joto 180, au kwenye mafuta yenye moto wa wastani zikiwa zimechanganywa nusu kwa nusu na chenga za mkate. Ladha yake ni ya kushiba na ya kukumbukwa, ingawa mtafuno ni wa korosho na hauna ule mvunjiko wa ganda la wanga. Na ni lazima kuwauliza walaji kwanza, hasa wazazi wa watoto wageni, kwani wapo watu ambao miili yao haivumilii korosho hata kidogo na madhara yake yanaweza kuwa ya hatari.

Ufuta mweupe, ambao mashamba ya Kilwa, Ruangwa na Nachingwea yanautoa kwa wingi, hautoshi kuwa mpako peke yake, ila vijiko viwili ndani ya unga wa muhogo huleta harufu na mguso mzuri. Nao pia una watu usiopatana nao, kwa hiyo ulizia. Wanga wa mahindi wa kwenye paketi hufanya kazi sawa na muhogo na ni mweupe zaidi, lakini ni wa kununua dukani kwa bei kubwa wakati muhogo uko uani. Unga wa sembe nauacha. Ganda lake hukwaruza.

Karai, oveni au hewa ya moto

Mpako na moto havitenganishwi, na makosa mengi hutokana na kuchukua mpako wa njia moja na kuupeleka kwenye nyingine. Unga wa muhogo unahitaji mafuta ya kuuzunguka. Ukiuweka kwenye oveni, au kwenye ile mashine ya kukaangia kwa hewa ya moto ambayo wauzaji huiita eafraya, sehemu zisizoguswa na mafuta hubaki unga mweupe mbichi unaokwama kooni. Chenga za mkate na korosho, kinyume chake, hukubali hewa kavu. Kwa hiyo mwenye kutaka kupunguza mafuta na achague chenga: azichanganye na vijiko viwili vya mafuta kabla ya kupaka, aweke oveni nyuzi joto 210 au 220, apange vipande bila kugusana juu ya wavu, na avigeuze baada ya dakika nane au tisa. Dakika kumi na tano hadi kumi na nane kwa jumla hutosha. Eafraya hufanya kazi hiyo kwa dakika kumi hadi kumi na mbili kwa nyuzi joto 200, na matokeo yake ni mazuri, lakini kikapu chake hupokea vipande vichache, na familia ya watu wanane italazimika kungojeana huku LUKU ikipungua.

Karai bado ndilo lenye ganda bora. Mafuta yawe na kina cha sentimita nne au tano, ya alizeti yaliyosafishwa au ya mawese yaliyosafishwa. Mafuta ya nazi ya kukamuliwa nyumbani huwa na mabaki ya maji na machicha, hivyo huruka na kutoa moshi mapema. Ya ufuta yasiyosafishwa yana ladha inayofunika kila kitu. Asiye na kipimajoto na achovye ncha ya kijiti kikavu cha mti: vipovu vidogo vinavyopanda taratibu ni dalili ya moto wa awamu ya kwanza, karibu nyuzi joto 160, na vipovu vingi vya haraka vinaashiria nyuzi joto 180 au zaidi.

Kukaanga ni mara mbili. Awamu ya kwanza, kwenye moto wa wastani, ni dakika nne hivi, na kazi yake ni kuivisha nyama. Vipande huepuliwa vikiwa na rangi hafifu na kupumzishwa dakika tano, muda ambao mvuke wa ndani hujitokeza hadi kwenye ganda na kulilegeza. Awamu ya pili, dakika moja au moja na nusu kwenye mafuta makali, huufukuza unyevu huo, na ganda linalotoka hapo halina tena maji mengi ya kulirudisha nyuma. Katika hewa yetu, sioni hatua nyingine inayolipa kiasi hiki kwa kazi ndogo namna hii. Vipande visijazwe karaini, kwa sababu kila kipande kinapoingia hushusha joto la mafuta, na mafuta yaliyopoa huingia ndani ya mpako badala ya kuukausha.

Kwenye jiko la mkaa awamu hizi mbili zinataka mpangilio. Anza na mkaa ulioshika vizuri lakini mlango wa hewa ukiwa umefungwa nusu, kisha kwa awamu ya pili fungua mlango na kuongeza vipande vichache vya mkaa vilivyokwisha kuwaka pembeni. Jiko la gesi linarahisisha jambo hili, na aliye na yote mawili na autunze mkaa kwa mchuzi. Mafuta yakishika moto, maji yasimwagwe. Karai lifunikwe kwa mfuniko wa chuma na chanzo cha moto kizimwe.

Uivaji upimwe kwa kukata kipande kinene kuliko vyote. Nyama iwe nyeupe hadi katikati na maji yake yawe maangavu. Kwa mwenye kipimajoto, nyuzi joto 74 ndiyo alama ya usalama kwa kuku. Kuosha kuku mbichi kwenye sinki au beseni ni desturi ya wengi, lakini matone yake husambaza vijidudu kwenye vyombo na mboga, na moto ndio unaoviua. Kupangusa kunatosha.

Baada ya kuepua, nageti zisiwekwe kwenye sahani bapa wala kwenye hotipoti. Zipangwe juu ya wavu, hata ule wa kuchomea samaki, ili hewa ipite chini yake. Hotipoti hutunza joto, lakini hutunza na mvuke, na ganda lolote, liwe la muhogo au la mkate, hushindwa humo.

Nani achague nini

Mama anayemfungia mtoto chakula cha shule asitarajie ganda kavu saa nne asubuhi ndani ya kopo lililofungwa. Kwake nyama ya kusaga yenye chenga za mkate, iliyookwa, ni uchaguzi wa busara, kwa kuwa hata ikilegea inabaki tamu, na haina mafuta ya kuchafua daftari. Anayeuza jioni kando ya barabara anahitaji muhogo bila shaka yoyote: unga ni wa bei nafuu, mafuta yanayonyonywa ni machache, na awamu ya kwanza inaweza kufanywa alasiri, kila mteja akikaangiwa awamu ya pili mbele yake, mradi vipande vilivyoiva vihifadhiwe kwenye baridi na si juu ya meza. Mafuta yake yachujwe kila siku na kumwagwa yanapoanza kutoa moshi mapema, kufanya povu au kunuka. Mwenye wageni wachache na oveni nzuri na ajaribu korosho. Kwa familia inayokaa pamoja Jumapili mchana na kula papo hapo, minofu ya vipande, muhogo na karai havina mshindani.

Wapo pia wanaotaka kutengeneza nyingi mara moja na kuziweka kwenye friza, na hapa mipako hutofautiana tena. Nageti za chenga hugandishwa zikiwa mbichi bila tatizo, zikipangwa kwanza kwenye sinia zisigusane, halafu zikishaganda zikatiwa mfukoni. Za muhogo zikigandishwa mbichi, unga hunywa maji na kuwa kama gundi, kwa hiyo zigandishwe baada ya awamu ya kwanza, zikiwa zimeiva hadi katikati na kupoa. Siku ya kula hutoka kwenye friza moja kwa moja hadi kwenye mafuta ya nyuzi joto 170 kwa dakika tatu au nne, bila kuyeyushwa kwanza. Umeme ukikatika na ukakuta zimeyeyuka na kupata joto la chumba kwa zaidi ya saa mbili, zitupwe.